Saa ya Kisha Kazi ni ya Nani?



Kila siku tunapigana na patron juu ya saa za kazi. Tunahesabu saa za ziada, tunahesabu poste ya usiku, tunahesabu prime. Hiyo ni haki yetu na hatutaiacha. Lakini kuna saa zingine ambazo hatuzihesabu kabisa: zile za kisha kazi, wakati mutu amevua bottes, amenawa, amekula bukari yake na ameikala mbele ya mulango. Saa zile hazionekani ku fiche de paie. Njo maana wengi wanazizarau, na patron naye anazikata pole pole bila mutu kulalamika. Leo ukurasa huu unataka kusema neno moja: saa ya kisha kazi ni mali ya mufanya kazi, sawasawa na mushahara wake, na iko na bei kubwa kuliko vile tunavyowaza.

Shika telefone yako mukononi. Ndani ya betri yake, mara mingi, muko kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa mu dunia yote inatoka kwetu hapa Kongo. Hiyo kila mumoja wetu anaijua. Lakini mu telefone ile ile, kama ni ya Android, muko kitu kingine ambacho wachache wanakijua: programu ya chini kabisa, ile inayoamusha mashini na kugawanyia kila kipande kazi yake, kama vile kapita anagawanya kazi asubuhi. Jina lake ni Linux. Programu ile haikuanzishwa na kampuni. Iliazishwa na kijana mumoja mu chumba chake, kisha masomo, juu ya kujifurahisha tu. Jasho letu la kazi na mchezo wake wa kisha kazi vinakutana ndani ya telefone moja. Basi habari yake inatuhusu.

Kijana wa Helsinki

Linus Torvalds alizaliwa mwaka 1969 mu muji wa Helsinki, inchi ya Ufini. Babu yake, profesa wa takwimu, alikuwa na ordinatere ndogo, na mutoto akaanza kuigusa pale. Mu mwezi wa kwanza 1991, akiwa mwanafunzi wa université, alinunua ordinatere yake mwenyewe. Hakukuwa na franka yote mukononi. Aliichukua kwa deni, kulipa kidogo kidogo, sawa vile sisi tunanunua frigo ao mashini ya kushona.

Programu iliyotoka na mashini haikumupendeza. Akaanza kutengeneza yake. Tarehe 25 mwezi wa 8, mwaka 1991, aliandikia watu wengine waliopenda mambo yale, akawajulisha kama anatengeneza programu ya kuongoza ordinatere, ya bure, na kama ni ya kujifurahisha tu, haitakuwa kitu kikubwa. Alikuwa na miaka 21. Mu mwezi uliofuata akaitoa ya kwanza, na kila aliyetaka akaweza kuisoma na kuijaribu.

Watu wa inchi zingine wakaanza kumutumia masahihisho. Huyu anaona kosa, anarekebisha, anarudisha. Yule anaongeza kipande. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kijana yule alilielewa mapema. Mu mwaka 1992 aliweka programu yake chini ya sheria ya namna hii: kila mutu ana ruhusa ya kuichukua, kuitumia na kuigeuza, lakini akiigeuza na kuigawia wengine, sherti aache wazi yale aliyogeuza, ili nao waweze kuisoma na kuitengeneza. Ni kama njia ya kwenda ku mashamba: kila mutu anapita, kila mutu anaweza kufyeka majani, hakuna mwenye ruhusa ya kuifunga kwa senyenge.

Matokeo yake? Tangu mwezi wa 11 mwaka 2017, ordinatere 500 zenye nguvu kuliko zote mu dunia, zile zinazoandikwa ku liste ya Top500, zote zinatembea na Linux. Mu mwaka 2021 helikopta ndogo iliyoruka ku sayari ya Mars ilikuwa nayo ndani. Kazi ya kujifurahisha ya mwanafunzi wa Helsinki ilifika mahali ambapo hakuna mutu amekwisha kufika.

Na si yeye peke yake. Mu siku za Noeli mwaka 1989, mu muji wa Amsterdam, bureau ya Guido van Rossum ilikuwa imefungwa juu ya sikukuu. Alitafuta jambo la kufanya mu zile siku za kupumuzika. Akaanza kutunga lugha mupya ya kuamuru ordinatere. Akaiita Python, jina alilolitoa mu mchezo wa kuchekesha wa televizio ya Uingereza. Leo wanafunzi wa dunia yote wanaanza kujifunza na lugha ile. Wakubwa wengine wanasema congé ni hasara kwa kampuni. Waangalie kitu kilichozaliwa mu siku za congé.

Mutu si mashini yake

Torvalds huyu, ingawa jina lake limejulikana pote, hakuikala tu mbele ya ordinatere. Alioa Tove, mwanamuke aliyekuwa bingwa wa karate wa Ufini mara sita, na wakazaa binti watatu. Anapenda kuzamia chini ya maji, na bombona ya hewa mugongoni. Muzamiaji wa namna ile anapaswa kuandika kila mara: alishuka metre ngapi, dakika ngapi, hewa ilibaki kiasi gani. Sisi tunaoshuka mu shimo tunaelewa juu ya nini. Programu za kuandika mambo yale hazikumupendeza, basi mu mwaka 2011 akatengeneza moja, jina lake Subsurface. Mwaka uliofuata akaiachia rafiki yake wa kuzamia aiongoze, na inaendelea mpaka leo. Mu miaka hii ya karibuni anajifurahisha na kuunganisha vile visanduku vidogo ambavyo mupiga gitaa anavikanyaga na muguu ili sauti igeuke. Yeye mwenyewe anasema kama kupiga gitaa hakujui. Anapenda tu kuunganisha nyuzi na kusikia nini itatoka.

Kuna jambo lingine mu maisha yake ambalo wakubwa wetu wa kazi wangepaswa kulisikia. Kwa miaka mingi alijulikana kwa maneno makali. Mutu akileta kazi mbaya, alimushambulia mbele ya wote. Mu mwezi wa 9 mwaka 2018 aliomba musamaha mbele ya watu, akaacha kazi kwa muda kidogo ili ajiangalie na atafute musaada wa kuelewa roho za watu wengine, kisha akarudi. Kazi haikuanguka. Wenzake waliendelea. Ba chef d'équipe mingapi tunawajua ambao wanatukana watu kila siku, na hakuna hata mumoja aliyewaambia: nenda upumuzike, urudi na kinywa kingine? Mutu asiyepumuzika anakuwa mubaya kwa wenzake. Ku bureau inaleta machozi, na ku shimo inaleta accident.

Kwetu pia viko

Wengine watasema: hayo ni mambo ya wazungu, sisi watu wa mine hatuna nafasi ya michezo. Si kweli. Hapa kwetu vitu mingi vizuri vilitoka mu saa za kisha kazi. Lupopo, timu iliyozaliwa mu 1939, mpaka leo tunawaita Cheminots, juu ya watu wa njia ya reli. Ba choeurs zetu za kanisa zinajaa watu waliotoka ku poste. Mu kila camp muko mutu anayetengeneza mbabula kwa kipande cha tôle, anayefufua radio iliyokufa, anayeshona, anayechora.

Na muko kitabu ambacho kila nyumba ya Lubumbashi ingepaswa kukijua. Mu 1965, mutu mumoja jina lake André Yav, kwa niaba ya chama cha ba boy wa zamani, wale waliotumika mu manyumba ya wazungu, aliandika historia ya muji wa Elisabethville. Hakuiandika mu Kifaransa cha masomo, hapana, aliiandika mu Kiswahili chetu cha muji, namna tunavyosema. Mapatron waliowaita “boy” hawakuwaza kama watu wale wanaweza kuandika historia. Leo wataalamu wa inchi za mbali wanaisoma na kuitafsiri. Union Minière haiko tena. Maandiko ya mutumishi wa nyumba yako.

Basi akili haikosekani kwetu. Tuulize nini inakosekana.

Kitu gani kilimuwezesha

Hapa njo tunaingia mu mambo ya sendika. Watu wanapenda kuhadisia habari kama ya Torvalds sawa hadisi ya mutu mwenye akili ya ajabu. Ndiyo, akili alikuwa nayo. Lakini angalia vitu vilivyomuzunguka. Mu inchi yake, wakati ule, université haikuomba minerval kwa wanafunzi. Alikuwa na chumba chenye moto wakati wa baridi. Courant ilikuwa inapita usiku na muchana. Aliweza kununua mashini kwa deni bila kulaza familia njaa. Na zaidi ya yote, alikuwa na wakati: saa nzima nzima ambazo hakuna mutu alimudai.

Sasa tuweke pembeni maisha ya mufanya kazi wa sous-traitance huku kwetu. Code du travail ya mwaka 2002 inasema saa 45 kwa juma, isipite pale. Lakini wengi wanafanya saa 12 kwa poste moja, na siku za kupumuzika zinakatwa wakati wowote chef anapoitika. Ongeza saa za kungojea bus na za barabara, asubuhi na mangaribi. Zile hakuna anayezilipa. Mutu anatoka nyumbani watoto wamelala, anarudi watoto wamelala. Siku ya kupumuzika yenyewe, maji hayako, sherti kwenda kuyatafuta; courant haiko, sherti kungojea délestage ipite. Mutu wa namna ile utamuambia ajifunze kitu kipya? Anatafuta usingizi tu.

Kwa hiyo tukisikia mukubwa anasema mufanya kazi wa Kongo hana initiative, tumujibu: rudisha kwanza saa ulizochukua, kisha tutaona.

Mchezo si njaa

Hapa tunapaswa kuangalia vizuri, juu kuna mutego. Patron akisoma maneno haya anaweza kufurahi na kusema: “Vizuri sana! Kisha kazi mujipange, mufanye tukazi tudogo, muongeze franka.” Hiyo tunaijua. Ni Article 15, débrouillez-vous, wimbo wa zamani.

Tutofautishe mambo mawili. Mutu akitoka ku poste na kwenda kupiga gitaa, kulima maua, kujifunza ordinatere ao kucheza mupira juu roho yake inapenda, huyo anatumia mali yake. Lakini mutu akitoka ku poste ya saa 12 na kwenda kuuzisha essence mu chupa mpaka saa tano za usiku juu mushahara haufiki tarehe 15 ya mwezi, huyo hajifurahishi. Huyo anaziba shimo ambalo patron ameliacha mu mushahara. Mama anayeuzisha makala na samaki mbele ya nyumba anamusaidia patron kulipa mubaya. Tuwaheshimu watu wale, juu wanabeba familia zetu. Lakini tusiite hiyo “esprit d'entreprise”. Tuite jina lake: mushahara mudogo.

Watu wa ordinatere nao waliuona mutego ule. Kuna programu moja, jina lake OpenSSL, inayofunika siri za watu mu intaneti: neno la siri la banki, barua, malipo. Makampuni makubwa ya dunia yaliitumia bila kulipa kitu. Mu mwezi wa 4 mwaka 2014 kosa kubwa lilionekana ndani yake, wakaliita Heartbleed, na dunia ikaogopa. Pale njo watu wakagundua kama programu ile ilibebwa na watu wachache sana, wengine kwa saa zao za kisha kazi, na zawadi walizopata kwa mwaka zilikuwa karibu dollars 2000 tu. Kisha aibu ile, makampuni yalichanga franka ili kusaidia kazi za namna ile. Mbele ya aibu, hakuna aliyetoa. Kazi ya bure inakulwa mpaka mwenye kuifanya anaanguka, kama hakuna sauti inayosema “lipa”.

Torvalds mwenyewe hakuikala na kazi ya bure. Mu 1997 alihamia Marekani kutumika ku kampuni ya California, na ilipatana naye kama ataweza kuendelea na Linux mu saa za kazi. Tangu 2003 analipwa juu ya kazi ile tu, na shirika ambalo makampuni mingi yanalichangia. Na leo sehemu kubwa ya wale wanaotengeneza Linux wanapokea mushahara juu yake. Kile kilichoanza kama mchezo, siku kilipoanza kutajirisha wengine, kikawa kazi yenye contrat. Njo haki.

Kazi ya mikono yako ni ya nani?

Kuna swali lingine ambalo vijana wetu wanaotumika mu ba bureau na mu ba atelier za kampuni wanapaswa kujiuliza. Ukitunga kitu nyumbani, ni cha nani? Mu California iko sheria, article 2870 ya code yao ya kazi: kitu ulichokitunga mu saa zako, na vyombo vyako, bila mali ya kampuni, kampuni haiwezi kukuandikisha contrat ya kukinyang'anya, isipokuwa kama kinahusu biashara yake ao kazi uliyomufanyia. Wafanya kazi wa kule wanajua mupaka wao, na patron anaujua pia.

Huku kwetu mingi wanasaini contrat bila kusoma, juu njaa iko mulangoni. Mwenzetu soudeur akigundua namna mupya ya kushika bomba isipasuke, mécanicien akitengeneza chombo kidogo cha kupima kitu, chef anakichukua, anakipeleka ku réunion, anapata pongezi. Mwenye kukitunga anapata “asante” kama ana bahati. Shauri letu ni hili. Mbele ya kusaini, leta contrat kwa délégué muisome pamoja, na mutafute kama muko neno juu ya vitu utakavyotunga. Kazi yako ya nyumbani uifanye na vyombo vyako, usichanganye na vya kampuni. Andika tarehe, chora, piga picha, weka. Siku ya palabre, karatasi yenye tarehe inasema nguvu kuliko machozi.

Na kwa wazazi: tusifukuze mutoto anayefungua radio ao anayeikala na ordinatere nzee ya jirani. Linux ni ya bure, hakuna licence ya kulipa, na inakubali kutembea hata mu mashini za zamani ambazo bureau imezitupa. Python nayo ni ya bure. Binti zetu pia, si wavulana tu. Mutoto wa muchimbaji ana haki ya kujua kitu gani kinatembea ndani ya telefone ambayo baba yake alichimbia betri yake.

Tunaomba nini

Hatuombi zawadi. Tunaomba mambo manne, na kila délégué ayabebe ku réunion itakayokuja.

Kwanza, saa 45 ziheshimiwe mu kampuni mama na mu sous-traitance sawasawa. Saa ya ziada iandikwe na ilipwe, na isiwe ya kulazimisha.

Pili, safari ya bus ihesabiwe wakati wa kupanga poste. Mutu aliyeamuka saa tisa za usiku hakuanza siku yake saa moja.

Tatu, congé ichukuliwe kweli, si kuuzishwa kila mwaka. Wenzetu, tunajua franka inavuta. Lakini congé iliyouzishwa hairudi, na mugongo nao haurudi.

Ine, Code minier iliyogeuzwa mwaka 2018 inaamuru kila kampuni ya mine itoe angalau 0,3 % ya chiffre d'affaires juu ya maendeleo ya wenyeji. Wajumbe wa wakaaji wako na sauti mu matumizi ya franka ile. Tuwaambie: mu kila cité, chumba kimoja chenye vitabu, ordinatere, panneau solaire na mulinzi, kifunguliwe mpaka usiku, kwa watoto na kwa wakubwa waliotoka ku poste. Hicho ni kitu kidogo mbele ya yale yanayotoka ardhini kila siku.

Mawe yanatoka, magari yanayapeleka ku mupaka, na sisi tunabaki na saa zetu. Hizo angalau zisipakizwe ku gari. Jumapili hii, wewe uliye na siku ya kupumuzika, ikala na watoto, piga gitaa, lima, soma, ao lala tu mpaka jua lipande. Na Jumatatu, kama chef anakuuliza juu ya nini hukukuja kufanya saa za ziada bila kulipwa, mujibu kwa heshima kama siku ile ilikuwa na mwenyewe.